Kikombe cha Yuliana

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini, juu ya magunia ya lori liendalo Newala, Yuliana alikunywa maji, kisha akakifunga kikombe chake ndani ya khanga, mafundo mawili.

Mwalimu Loyce, mgeni aliyeketi ubavuni pake, akacheka. “Dada, kikombe chako mwali nini, mbona kinafichwa hivyo?”

“Niliugua ukoma, mwalimu. Hospitali wamesema nimepona. Ila kwetu Mnyambe wanataka nitembee na changu.”

“Kumbe umepona wewe, mgonjwa kabaki kikombe! Lete, nami nina kiu.” Akanyoosha mkono.

Yuliana akakikumbatia. Ruksa ilishafika madukani; kwenye mitungi ya Mnyambe ilikuwa haijafika.

“Watu wanatuona, mwalimu.”

“Waone vizuri.”

Mkono wa mwalimu haukurudi. Lori liliposimama Newala, Yuliana alikuwa amelifungua fundo moja.