Wa Kuchunga Mashine ya Hewa

Juu ya lori lililotoka Bunia kwenda Mambasa, Huguette alimtazama kijana asiyemjua akibandika miwani ya kuzamia usoni bila mkanda, akivuta pumzi kwa pua. Ikashika.

"Iko muzuri, muzee! Sasa natafuta tiyo, mupira ya kuleta hewa chini ya maji."

Mzee aliyeketi kando ya kijana, mzamiaji wa dhahabu mtoni, hakugeuka. "Hiyo iko kitu kidogo. Chagua kwanza mwenye atabaki juu kuchunga mashine ya hewa. Na hii vita, mugeni atakimbia. Weka ndugu ya tumbo moja."

"Basi, nitaweka ndugu mukubwa yangu."

Huguette aliwageukia. Siku risasi zilipolia mtoni, mumewe alikuwa chini ya maji. Aliyeikimbia mashine mpaka ikazimika alikuwa pacha wa mumewe.

Alipofungua kinywa amwambie kijana, lori likasimama kizuizini. Askari wakaamuru wote washuke, kimya.