Tabibu wa Meza ya Pasi

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye marehemu alimlea, alimfulia na kumkaripia kwa miaka hamsini bila likizo. Aliniachia maagizo mawili: nisisome kwa sauti ya kulia, na nisiwaambie watu kwamba hakuwa na kasoro. La kwanza nitajitahidi. La pili ni rahisi, maana dada yangu alikuwa mbishi, na wote mliowahi kumpelekea nguo mnanielewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa dereva wa lori na mama aliuza vitambaa. Mama alikuwa akisema kwamba binti yake huyu alianza kuuliza "kwa nini" kabla ya kuota meno ya juu, na kwamba yeye mwenyewe aliishiwa majibu mapema sana.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1986. Somo alilolipenda ni kemia. Akiwa kidato cha tatu alitoa doa la wino kwenye sketi ya mwalimu mkuu kwa kutumia maziwa, na tangu siku hiyo walimu wakawa wanamtuma kwa madoa kama wenzake walivyotumwa chaki. Alitamani kuendelea na masomo, lakini baba alikuwa ameanza kuugua, na aliyetakiwa kuleta chakula nyumbani akawa yeye. Sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya hilo. Alilalamika juu ya mengine mengi.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli. Humo ndani, katikati ya mvuke na mashuka, ndimo alimojifunza kwamba maji ya moto yakimwagwa juu ya damu hayaitoi, bali yanaigandisha. Tarehe 2 Mei 1995 alifungua duka lake mwenyewe la dobi. Hakupokea nguo yenye doa bila kumhoji mwenye nguo: limeingia lini, limetokana na nini, na nani keshajaribu kulitoa? Swali la mwisho ndilo lililowatoa watu jasho. Alikuwa akisema kwamba nguo nyingi anazoletewa hazikuharibiwa na doa, bali na mtu aliyekuwa na haraka.

Mumewe alimpata kwa sababu ya meza. Alimwagiza seremala wa mtaa wa pili meza ndefu ya kupigia pasi, akairudisha mara ya kwanza kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa mfupi, na mara ya pili kwa kuwa uso haukukaa sawa. Mara ya tatu meza haikuwa na kasoro yoyote, ila aliirudisha vilevile, na seremala akaelewa. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1996, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji yangu ni mtu mkimya. Dada alisema ndiyo maana ndoa ilidumu, kwani mzungumzaji mmoja alitosha.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia kwa minong'ono, na leo nataka lisemwe wazi. Mwaka 2009, akipekua mifuko ya suruali kabla ya kufua, marehemu alikuta dadu yenye pande ishirini. Suruali ilikuwa ya mwalimu wa jiografia. Alipokuja kuichukua alihojiwa kama mshukiwa, ikabidi aeleze: ni mchezo wa hadithi. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, wanazunguka katika nchi ya kubuni yenye mazimwi na laana, na wanapojaribu jambo gumu, dadu ndiyo inayoamua. Shida yake ilikuwa kwamba hawakuwa na mahali pa kuchezea. Dada alimwonyesha meza ya pasi. "Jumamosi nafunga saa nane," alimwambia. "Njooni saa tisa, na mimi nipeni kazi."

Walimpa utabibu. Shemeji akawa mbeba ngao wa kundi. Fundi rangi wa jirani akawa mwizi mwenye moyo mzuri. Kazi ya tabibu ilikuwa kuwaondolea wenzake madhara ya mazimwi: sumu, upofu, ububu, laana. Katika mchezo wa kawaida, tabibu husoma dua, madhara yakatoweka, basi. Dada yangu hakukubali.

"Yamekwenda wapi?" alimuuliza Mwalimu.

"Yameisha."

"Hakuna doa linaloisha, Mwalimu. Linatoka kwenye nguo linaingia kwenye maji. Mimi nataka kujua hayo maji namwaga wapi."

Walibishana Jumamosi mbili. Mwisho Mwalimu alichoka, ikawa sheria ya meza ile: madhara hayafi, yanahama, na tabibu lazima aseme anayapeleka wapi. Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Homa ya barafu aliimwaga kwenye tanuru la mhunzi. Ububu aliupeleka kwenye kengele iliyopasuka. Upofu wa mwizi aliuhamishia kwa fuko, yule mnyama wa chini ya ardhi asiyetumia macho, baada ya kumwomba ruhusa kwanza, akisema kwamba mwenzetu yule hana hasara. Hakuwahi kumtwika mtu madhara ya mtu mwingine, hata adui, hata lile zimwi lenyewe. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa vitu visivyokuwepo. Akasema, "Mkono hauna akili mbili. Ukizoea kumwaga ovyo huku, utamwaga ovyo na kule."

Minong'ono yenyewe ilianza pale jirani mmoja alipopita dirishani na kumsikia akisema, "Laana ya shingoni imetoka, bado ya mguu." Jumatatu akaja mama mmoja na shati la mumewe limefungwa kwenye gazeti, akaomba kwa sauti ya chini mume aondolewe alichofanyiwa. Marehemu alilitazama shati kwenye mwanga. "Mama," alisema, "hii ni kutu." Aliitoa kwa ndimu na chumvi, akamrudishia, akamwambia kwamba kuhusu mume mwenyewe yeye hana uzoefu.

Mwezi Agosti 2023, mezani, mbeba ngao aliwakinga wenzake mbele ya joka lenye kope. Joka lilifungua kope na mbeba ngao akageuka jiwe. Hilo ndilo doa lililomshinda dada yangu, kwa sababu jiwe la joka lile, alivyoeleza Mwalimu, lilikubali kuhamia tu kwa kiumbe chenye pumzi, tena kwa hiari yake. Fundi rangi alipendekeza mbuzi. Tabibu alikataa: "Mbuzi hasemi ndiyo. Anasema mee tu."

Oktoba mwaka uleule aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi minane, akipata nafuu na kurudi nyuma. Jumamosi alizoweza alikwenda mezani, na asizoweza, wenzake walimpigia simu ili aseme tabibu anafanya nini. Shemeji hakwenda tena. "Mimi ni jiwe," alisema, "sina kazi kule, acha nikae hapa." Watu walimsifu kwa kukaa na mkewe, na alistahili sifa. Lakini dada alimjua. Mwezi wa nne aliniita, akaniambia, "Huyu hana rafiki hata mmoja nje ya ile meza. Amepata kisingizio cha kutotoka, na mimi nikiondoka atabaki amening'inia hapo kama koti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si kufa." Nilimwambia asiwaze hayo. Alinitazama kama doa jipya.

Jumamosi ya tarehe 8 Juni 2024, saa ya kuona wagonjwa, aliwaita wachezaji wote wodini alikolazwa. Mwalimu alikuja akiwa tayari kusema kwamba jiwe limeyeyuka lenyewe, na hivyo ndivyo alivyoanza. Marehemu alimkatiza. Alisema hajawahi kukabidhi nguo ambayo hakuifua.

"Basi unalihamishia wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kwangu."

Shemeji alisimama. "Haiwezekani."

"Nina pumzi, na ninakubali," alisema dada. "Ila kwa upande wa pumzi, fanyeni haraka kidogo."

"Tabibu akigeuka jiwe hakuna wa kumtoa," Mwalimu alisema.

"Najua, Mwalimu. Sheria niliidai mimi."

Akatupa dadu juu ya sinia la chakula. Iliruka, ikaingia chini ya kitanda. Muuguzi aliinama akaisoma palepale ilipolala. "Kumi na saba," alisema. "Kumi na saba ni nzuri?"

"Nzuri sana, sista," alisema dada yangu. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa akilia waziwazi. "Usinitazame hivyo. Mimi naondoka. Wewe Jumamosi zako bado zipo."

Aliaga dunia Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, na wateja waliokuja kuchukua nguo zao bila kuharakisha mtu.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wawili, kaka wawili, dada mmoja, na mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, ambaye sijui nitabishana na nani.

Juzi Jumamosi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, ilipokaribia saa tisa shemeji alinyanyuka kwenye mkeka, akanawa uso, akachukua ufunguo wa duka. Shangazi aliuliza mfiwa anakwenda wapi. Nilimfuata shemeji. Mlangoni mwa duka tulikuta Mwalimu na fundi rangi wamesimama. Hawakuja kucheza. Walisema hawakujua mahali pengine pa kwenda saa ile. Tuliingia, tukakaa, meza tupu katikati yetu. Ndipo Mwalimu, taratibu, akatumia sauti yake ya msimulizi.

"Mbeba ngao, umefumbua macho. Mbele yako amesimama Tabibu. Ni jiwe. Unafanya nini?"

Shemeji alipitisha kiganja juu ya meza.

"Namfuta vumbi usoni," alisema.

"Halafu?"

"Halafu naokota ngao yangu. Tunaendelea."

Dada yetu na apumzike kwa amani. Kazi yake imetoka safi.