Kengele za Nedyalka Karadimova wa Kamen Dol

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kamen Dol nanyi mliotoka Pernik na Sofia, familia imemtuma Kiril Karadimov, shemeji wa marehemu, awasomee maisha yake, naye anaomba radhi mapema, kwa kuwa marehemu hakupenda kupambwa, na hapa hatapambwa.

Nedyalka Stoilova Karadimova alizaliwa tarehe 21 Machi 1941 hapa hapa kijijini, mtoto wa nne wa Stoil mchunga kondoo na mkewe Yana, akasoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, akachunga kondoo wa baba yake miaka minne, na tarehe 1 Juni 1959 akaajiriwa katika chumba cha taa cha mgodi wa makaa ya mawe, ambako kwa miaka thelathini na mbili aliwakabidhi wachimbaji taa zao kila alfajiri, na hakuna aliyeshuka shimoni na taa mbovu iliyopita mkononi mwake.

Tarehe 6 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Asen, kiongozi wa survakari, wanaume wetu wa vinyago na kengele, mmoja wao akivikwa kama bibi harusi, wanaotoka kila tarehe 13 Januari kufukuza mabaya na kuupokea mwaka, wakajaliwa watoto wawili, binti yao Vihra, na mwana wao Rumen ambaye amewasili jana kutoka Hispania.

Asen alifariki kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 2 Desemba 1998, wakati mgodi umeshafungwa, vijana wameshakwenda zao, na wanaume wenye nguvu tumebaki saba, tukakutana baa tukaamua kwamba Januari ile kengele zisitoke. Nedyalka, mjane wa siku arobaini na mbili, ndani ya nguo nyeusi ambazo kwetu aliyezivaa hachezi ngoma mpaka mwaka uishe, alijifunga kiunoni mkanda wa mumewe wenye kengele za kilo thelathini na nane, akavaa kinyago chake cha manyoya, akatoka peke yake.

Mzee Spas alimziba njia mbele ya kanisa, akapaza sauti kijiji kizima kikasikia: “We mwanamke, umerukwa na akili? Mumeo hajapoa kaburini! Na tangu lini mwanamke akavaa kengele?”

Marehemu alikiinua kinyago, akamjibu: “Kiril mmemvika gauni la bibi harusi miaka ishirini, anabusu wanaume barabara nzima, mkasema ni mila. Mimi kuvaa kengele ndiyo laana? Hebu nipishe, Spas, nina nyumba sitini za kupita.”

Sisi saba tulikuwa nyuma ya mapazia, akiwemo Kiril anayewasomea, na tusidanganyane, si ushujaa uliotutoa, ni aibu, maana alipofika nyumba ya tano tayari alikuwa anahema, na hakusimama. Kufikia nyumba ya kumi tulikuwa wanane, Kiril na gauni lake juu ya mabuti, na kwa miaka ishirini tangu siku ile Nedyalka ndiye aliyetutangulia.

Mwaka 2016 aligundulika ana ugonjwa wa moyo, daktari akamkataza kubeba chochote kizito kuliko mkate, naye alitii siku zote za mwaka, isipokuwa tarehe 13 Januari. Alilazwa hospitali mjini tarehe 29 Desemba 2018, akafariki Jumatatu, tarehe 7 Januari 2019, saa nne asubuhi, Vihra akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochemsha ngano ya msiba, na wenzake wa chumba cha taa mliokuja kwa mikongojo. Tumesikia pia maneno malangoni, penye matangazo ya kifo chake, kwamba nyumba yenye msiba ikae ndani Jumapili hii, tarehe 13. Marehemu alimwambia Vihra hospitalini: “Usinililie umekaa.” Basi Vihra atatoka, akiwa na nguo nyeusi na mkanda wa kengele, ataanzia nyumba ya kwanza hata akiwa peke yake, na mwenye pingamizi asimame barabarani, asijifiche nyuma ya pazia kama tulivyojificha sisi.

Upumzike sasa, shemeji. Umetembea vya kutosha.