Uzi wa Maine

Ikhlas, fundi wa nguo, alipanda abra, mashua ya kuvusha watu hori la Dubai, upande wa Bur Dubai, akiwa ameapa kutoingilia maneno ya watu. Kiapo hakikufika nusu ya hori.

Kulia kwake alikaa Aidarus, mfanyabiashara wa Lamu, na boksi la globu za shule, yale matufe ya ramani ya dunia, za kupeleka Mombasa. Kushoto alikuwa Phyllis, mlinzi wa hoteli, bado na sare yake. "Jimbo la Marekani lililo karibu zaidi na Afrika ni Maine," alisema Phyllis. "Mgeni wa huko aliniambia."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," Aidarus akacheka. "Maine iko juu kwenye theluji, mpakani na Kanada. Ni Florida, binti! Ukinishinda, globu moja yako."

Ikhlas akajikuta ametoa uzi mwekundu mkobani. "Basi pimeni."

Aidarus akatoa globu moja boksini, akaubana mwisho mmoja wa uzi Moroko. Phyllis akauvuta hadi Florida, akapiga fundo, kisha akaupeleka Maine. Maine ilikuwa karibu zaidi: fundo likaipita yote, likaenda kulala ndani kabisa ya Kanada. Abiria wakashangilia, hata nahodha wa Kibangladeshi asiyejua neno la Kiswahili.

"Mngeanzia Senegali!" Aidarus alikuwa bado anapiga kelele abra ilipogusa gati la Deira.

Phyllis alishapanda ngazi, dunia nzima kwapani, hata shingo hakugeuza. "Anzia popote, mzee wangu. Uzi nimekuachia."