Mama Rojo, Aliyezifundisha Nyuzi Kushikana

Ndugu waombolezaji, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Rojo.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshonaji, akasoma karibu na nyumbani hadi sekondari, akahitimu kemia chuo kikuu mwaka 1985, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya utafiti, ambako alikaa hadi kustaafu.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, ambavyo vikitiwa majini hujipanga vyenyewe kuwa nyuzi zisizoonekana kwa macho, nazo huyashika maji yakawa rojo nzito ya kufunikia vidonda vya moto, ila kila rojo hiyo ilipoguswa na joto la mwili, ilichuruzika yote. Mama alilaumu jokofu la kuihifadhia, akaitwa fundi, akalikagua, akasema, "Dada, jokofu ni zima, labda tumpime mwenye jokofu," mama akacheka mpaka akakaa chini, na fundi huyo akawa anarudi kukagua jokofu lisilo na ubovu, hadi walipofunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa mimi na mdogo wangu wa kiume.

Rojo iligoma miaka mingi, wenzake wakahamia kazi nyingine, naye akaanza kuitia kaboni, unga mweusi kama masizi ya sufuria, akirudi nyumbani mweusi hadi kope, baba akimwuliza kama siku hizi anauza mkaa. Alipozidisha, nyuzi zilivurugika, alipopunguza ikabaki chembe tu, zikapata pa kujishikiza, na alasiri moja ya mwaka 2009 rojo ikatoka kwenye joto ikiwa nzima. Akampigia baba simu akipiga kelele, "Imesimama! Imesimama!" baba akadhani ni gari lake limezimika, akafika mbio na sanduku la spana, akamkuta mkewe anacheza peke yake katikati ya maabara, akaweka sanduku chini, wakacheza wote.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na akiwa amelazwa alisikia kwamba rojo yake imeanza kujaribiwa kwa wagonjwa walioungua, akamwambia daktari wake, "Mimi niache kwanza, daktari, nenda kaniangalizie wale." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, baba akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani ambao hawajatuacha tulale njaa, na wafanyakazi wenzake, waliochelewa kufika leo kwa kuwa jaribio lilikuwa katikati, wakaona wakiliacha, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuwagombeza.

Pumzika sasa, Mama, kwa amani yote.