Bibi Mnong'ono Anatoka Shimoni

Baada ya miaka thelathini na moja ya kukaa chini ya jukwaa, mnong'onezi wa kikundi chetu anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe kumi na nne, pazia likishafungwa. Mwenyewe angependa tuseme anastaafu kwa hiari. Haya, tuseme hivyo.

Kwa wageni wetu: mnong'onezi ni mtu anayekaa kwenye shimo dogo mbele ya jukwaa, ana maandishi ya mchezo mkononi, na mwigizaji akisahau maneno, anamnong'onezea. Kazi hii inataka mtu mpole, mwenye subira na sauti ndogo. Sisi tulimpata yeye.

Ni bibi yangu, mama yake mama. Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika karatasi hii ya onyesho kwa sababu, walisema, mimi huwa siongei, kwa hiyo maneno lazima yamejaa tele ndani. Kimya kingi kina mshindo. Tutaona.

Alianza siku mchezo wetu wa nyimbo, "Mwakani Tunarudi", ulipoigizwa kwa mara ya kwanza na watu waliohamia mji huu na ahadi ya kukaa mwaka mmoja tu. Ni hadithi yao wenyewe. Familia inafika, inapanga chumba kimoja juu ya duka la matairi, inaweka sanduku juu ya kabati bila kulifungua, na kila mwaka inaimba kwamba mwakani inarudi. Sanduku mnaloliona jukwaani ni la Bibi. Tunaliazima juu ya kabati lake, tunalirudisha juu ya kabati lake, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza ndani mna nini.

Siku zile waigizaji walisahau maneno kwa uchovu, maana walitoka kwenye majiko na maghala moja kwa moja wakapanda jukwaani, wamelala macho wazi. Siku hizi tunasahau sisi wajukuu, na kwetu ni aibu zaidi: tunasahau maneno ambayo hatukuwahi kuyajua vizuri. Mimi nasoma kwa lugha moja na kukaripiwa kwa nyingine. Ndugu zangu hali ni ileile. Bila Bibi, onyesho la mwaka juzi lingekwisha kwenye wimbo wa pili.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kamati iliniomba nilipite juu juu. Miaka michache iliyopita, masikio ya Bibi yalistaafu kabla yake. Kadiri alivyosikia kidogo, ndivyo alivyonong'ona kwa nguvu. Mnong'ono ukafika safu ya tatu, ukafika mlangoni, hadi mlinzi wa maegesho ya magari, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbini, akawa anaujua mchezo wote kichwani.

Nani amwambie? Kamati ilikaa. Mwenyekiti akamsukumia mpiga kinanda, mpiga kinanda akamsukumia mjomba wangu, kwa kuwa ndiye mwanawe wa kumzaa. Mjomba akasema sikio la kufa halisikii dawa, halafu akakumbuka anamsema mama yake, akaomba kikao kiahirishwe.

Kabla hakijaitishwa tena, likaja onyesho la ufunguzi. Mjomba, anayeigiza mchumba, alipiga magoti mbele ya dada wa saluni, anayeigiza mchumba wake, akasahau la kusema. Mara kutoka shimoni:

"Mwambie unampenda, we zuzu! Magoti yataota mizizi hapo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mjomba, jasho linamtiririka, akaligeukia shimo: "Nampenda, mama, lakini niache nimwambie mwenyewe!" Watu wakasimama, wakapiga makofi. Kesho yake mwongozaji akayaingiza maneno hayo kwenye mchezo.

Basi tukaendelea hivyohivyo. Kila Bibi alipopayuka, tulimjibu, na kila jibu likaandikwa kwenye nakala zote isipokuwa yake. Mchezo ukapata mhusika mpya asiyeonekana: mama aliyebaki kule tulikotoka, anayewagombeza wanawe kutoka mbali na wanamsikia. Watazamaji walidhani ni ubunifu wa hali ya juu. Bibi alidhani ananong'ona.

Mwaka huu mama mdogo alimpeleka akawekewa kifaa cha kusikia. Kwenye mazoezi ya kwanza nacho, alifungua mdomo kumkumbusha mtu, akajisikia. Akatoka shimoni taratibu, mkono kiunoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Hivi ndivyo ninavyonong'ona?"

Mpiga kinanda akajifanya anatafuta karatasi chini ya kinanda.

"Mama, watu wanakuja kwa ajili yako," mwongozaji akajitetea.

"Kunicheka. Na ninyi mkakaa kimya, hata wa tumboni mwangu."

Kesho yake alitangaza kustaafu, na sanduku lake akaja kulichukua. Kwa wiki mbili familia yetu ya jukwaani imehamia mjini na boksi la mafuta ya kupikia.

Tangu hapo tunasema kila neno sawasawa, na mchezo umepoa kama chai ya jana. Mjomba alijaribu kuzipiga zile kelele yeye. Akasikika kama mnadi wa mitumba. Shimo nimepewa mimi, eti kwa kuwa nina sauti ndogo na lugha zote mbili. Nanong'ona vizuri sana. Hakuna anayenisikia, hata mwigizaji.

Juzi nilimweleza Bibi hayo jikoni kwake. Alikuwa hajanisemesha siku kadhaa.

"Sema ule mstari wa uchumba nikusikie."

Nikausema.

"We mtoto, mbona kama umeficha ugali mdomoni? Toa! Wenzio wanakungoja na magoti yanauma!"

Jirani alifungua dirisha kuangalia kuna nini. Kifaa kilikuwa mezani, amekivua mwenyewe kabla sijaanza. Asubuhi tulikuta sanduku mlangoni pa ukumbi. Tulilibeba ndani. Hatukuuliza.

Bibi, utuwie radhi. Kucheka tulicheka, hatukatai. Ila tulipaswa kukuambia ili tucheke wote. Kiti chako kiko safu ya mbele, kando ya shimo. Nyuma ya karatasi hii tumechapa wimbo wa uchumba ili ukumbi uimbe nasi, na pale mjomba anapopiga magoti tumekuachia mstari mmoja mtupu. Mchapaji hana kosa. Mjomba atanyamaza, dada wa saluni atasubiri, nami shimoni sitafungua mdomo. Hilo naliweza kuliko mtu yeyote hapa. Ukitaka kuuacha mtupu, ni haki yako, tutaimba vivyo hivyo. Kifaa vaa au vua.

Asante kwa kila neno ulilotutia mdomoni. Tunakutakia mapumziko mengi, na kimya kidogo sana.