Kidonge Kiganjani

Fundi cherehani mwenye mimba changa alikuwa ameshika kidonge cha foliki, chupa ya maji tayari, bibi aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi akamdaka mkono.

"Usimeze, mwanangu. Hivyo ndivyo vilivyomponza mjukuu wangu. Maziwa hanywi, karanga hagusi, kujikuna kutwa."

Fundi alishusha pumzi. Asubuhi aliyemkataza alikuwa mama mkwe, sasa ni abiria mwenzake. Mimba ni ya mmoja, wenye nayo ni wengi.

"Kliniki wameniambia vinaulinda uti wa mgongo wa mtoto, bibi."

"Hao wa kliniki ndio watakaomkuna?"

Vituo vikapita, bibi bado yuko kwenye vipele. Uvumilivu ukamwishia fundi.

"Kwani mama yake huyo mjukuu alimeza vingapi?"

"Hata kimoja. Nilivitupa chooni mwenyewe, kwa mkono huu."

"Sasa vilimdhuru vipi mtoto?"

"Si vilishalala ndani ya nyumba?"

Basi likasimama, bibi akashuka huku akimwombea uzazi salama.

Fundi akakunjua kiganja. Kidonge kilikuwa kimeloa jasho, kimemwachia doa la njano. Na hakuwa hata amekimeza.